Kikombe, Chai na Memori Kadi: Historia ya Banda Moja la Gemu

Wanafunzi wengi wa fasihi tuliingia chuoni na mfano mmoja kichwani: fani ni kikombe, maudhui ni chai. Tulipofika kwa wahadhiri tukaambiwa mfano huo una kasoro, kwani chai ukiimimina katika kikombe kingine inabaki chai ileile. Afadhali sarafu, ambayo huwezi kuutupa upande mmoja ukabaki na fedha mkononi. Katika mtihani nilijibu kwa sarafu, nikafaulu. Lakini kwa kweli sikuwa na msimamo wangu mwenyewe juu ya jambo hili mpaka mwaka 2023, nilipopanda gari kwenda Ruangwa kumtafuta mjomba wangu kwa ajili ya mashine kuukuu ya gemu.

Najua wapo watakaokunja uso. Gemu! Jarida la uhakiki limefikwa na nini? Naomba mnivumilie. Hapa chuoni tunahakiki khanga, maandishi ya nyuma ya daladala na hata vibwagizo vya wauza samaki. Sioni kwa nini kitu kilichokusanya vijana wa mji mzima kila jioni kwa miaka kadhaa kiachwe mlangoni.

Ubishi ulianzia bwenini. Mwenzangu wa chumbani ana kompyuta yenye emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine nyingine. Siku moja akanifungulia Pro Evolution Soccer 6, gemu ya mpira ya mwaka 2006 iliyotengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani kwa ajili ya PlayStation 2. Nilipomwambia kwamba mimi naitafuta mashine yenyewe, ile iliyokuwa banda la mjomba Nachingwea, alicheka sana. "Sasa bwana, unahangaikia sanduku la nini? Gemu si hii hapa? Tena picha inang'aa kuliko ile ya kwenu!"

Huyo ni mtu wa kikombe na chai. Wenzake wamejaa duniani, na makampuni yanawapenda. Mwaka 2016 Nintendo iliuza upya mashine yake ya miaka ya 1980 kwa umbo dogo, na gemu 30 ndani yake. Sony ikafuata tarehe 3 Desemba 2018 na PlayStation Classic, kisanduku cha kutosha kiganjani, chenye gemu 20. Unaichomeka kwenye televisheni bapa, unakumbuka ujana wako, basi.

Upande wa pili kuna watu wa sarafu: wale wanaotunza mashine za asili, wanaobadilisha lenzi, wanaotafuta televisheni za kichogo majalalani. Hawa wana hoja nzito kuliko nilivyodhani. Chukua gemu ya zamani ya Nintendo ya kuwinda bata kwa bunduki ya plastiki. Bunduki ile haikurusha chochote. Ilikuwa na jicho la kupokea mwanga. Ukifyatua, kioo kilizima kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata pakamulikwa kwa weupe, na jicho likapima kama limeuona. Hesabu hiyo ilitegemea jinsi televisheni ya kichogo inavyochora picha mstari baada ya mstari. Kwenye televisheni bapa bunduki inakuwa kipofu. Katika zile gemu 30 za mwaka 2016, bata hawamo.

Au tazama kisanduku cha Sony. Gemu 9 kati ya zile 20, kwa masoko ya nje ya Japani, ziliwekwa katika toleo la Ulaya lililotengenezwa kwa picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Wapenzi wa Tekken 3 walipoiwasha waliona ngumi zinachelewa. Kwa mhakiki wa fasihi hilo si jambo geni. Al-Inkishafi tunayosoma darasani kwa herufi za Kirumi ilitungwa na kunakiliwa kwa hati za Kiarabu, na nakala zake hazilingani. Toleo la Hichens la mwaka 1939 ni uamuzi wa mhariri kama lilivyo toleo lolote. Nani alimchagulia msomaji? Ndilo swali lilelile la picha 50 na 60.

Kwa hiyo nilikwenda Ruangwa nikiwa mtu wa sarafu. Nilirudi nikiwa sijui niitwe nani, na sababu yake haieleweki bila historia ya banda lenyewe.

Mji wetu umezoea mashine zinazotoka mbali. Nachingwea ilikuzwa na mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Katika mpango huo hata vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa matrekta ya kung'oa visiki. Reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara kuja kubeba karanga ambazo hazikuvunwa za kutosha. Mwaka 1951 mpango ukafa, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Farm 17, mahali ambapo baadaye FRELIMO waliwafunza wapiganaji wao mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, bado ina jina lenye namba ya shamba. Watu wengi hulitamka bila kuwaza karanga. Mashine zilikuja na maagizo ya lugha nyingine, wenye nazo wakaondoka, sisi tukabaki na majina. Nalitaja hili kwa haraka kwa sababu nadhani linaeleza kwa nini hakuna mtu wa Nachingwea aliyeshangaa mjomba alipoanzisha banda ambalo mitambo yake yote ilikuwa na maandishi tusiyoyaelewa.

Mashine yake ya kwanza ilikuwa ya kaseti. Hiyo siikumbuki vizuri, nilikuwa mdogo. Ilikuwa mwigo wa mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, miigo ambayo viwanda vya Taiwani na China viliisambaza katika nchi ambazo kampuni yenyewe haikujali kuuza. Kaseti iliandikwa kuwa ina gemu 9999, na baada ya kama kumi hivi zilianza kujirudia kwa majina mengine. Hata hivyo ilikuwa na bunduki ya bata.

Ndipo ikaja PlayStation 2. Mimi nilikuwa darasa la sita, mwaka 2008. Ilikuwa mtumba, imefunguliwa na kuwekewa chipu ili isome CD za kukopi. CD zenyewe zililetwa kutoka Dar es Salaam ndani ya bahasha za nailoni, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Moja ya mpira ilikuwa ya Kijapani tupu. Hatukusoma hata neno moja. Tulijifunza kwa kuhesabu: shuka mara mbili, bonyeza duara, kulia mara moja, bonyeza tena. Mtangazaji alipiga kelele kwa Kijapani na sisi tukamwigiza mpaka uwanjani kwenye mpira wa kweli. Bei ilikuwa shilingi 200 kwa mechi ya dakika kumi, anayefungwa anapisha. Msimu wa korosho foleni ilifika barabarani, maana hela ilikuwepo. Ikifika Machi mjomba alikubali madeni, akayaandika ukutani kwa mkaa.

Banda lilikuwa na sheria zake. Umeme ukikatika, na ulikatika kweli, anayeongoza ahesabiwe mshindi, isipokuwa kama zimebaki dakika zaidi ya nusu. Kuchukua timu yenye Adriano wa Inter mara mbili mfululizo ilikuwa haramu, kwa sababu mguu wake katika gemu ile ulikuwa bunduki, kila mtu anajua. Waliosimama nyuma walitangaza, walitukana kwa staha kiasi, walimshauri mchezaji hata kama hakuomba. Mwalimu wa fasihi simulizi angekuwepo angesema: huyu fanani, hii hadhira, na hadhira ndiyo nusu ya utendaji. Mchezo uliochezwa pale haukuwa kwenye CD peke yake.

Sasa nifike kwenye kadi. Memori kadi ya PlayStation 2 ni kipande cha plastiki chenye nafasi ya MB 8, kinachotunza yale ambayo CD haiwezi kutunza kwa kuwa haiandikiki. Katika Pro Evolution Soccer 6 baadhi ya timu za Uingereza hazikuwa na majina yao, kwa sababu Konami hawakuwa na haki ya kuyatumia. Liverpool waliitwa Merseyside Red. Chelsea waliitwa London FC. Lakini gemu ilimruhusu mchezaji kubadilisha majina, jezi, hata uwezo wa kila mtu, na mabadiliko hayo yakakaa kwenye kadi.

Mjomba alikaa usiku mzima, banda limefungwa, akabadilisha. Merseyside Red, kwa kuwa wekundu, wakawa Simba. Timu nyingine akaivalisha kijani, ikawa Yanga. Na London FC akaiandika NACHINGWEA, akafuta majina ya wachezaji mmoja mmoja akaweka ya vijana wa banda. Mashabiki wa Chelsea walilalamika wiki nzima.

Nimesoma mashairi mengi tangu hapo lakini bado naiona orodha ile kuwa utunzi. Kinyozi wa jirani, aliyependa kujisifu, alipewa nguvu ya shuti 99: hiyo ni chuku, na ilikuwa majigambo yaliyotungwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Fundi baiskeli, ambaye kweli alikuwa na kasi, alipewa kasi ya kweli. Mwenye deni refu kuliko wote ukutani alipewa kasi ya 30, akawa anatembea uwanjani kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Banda zima lilikufa kwa kicheko. Deni lililipwa siku ya tatu, na kasi ikapandishwa mpaka 70. Nionyesheni kejeli nyingine katika fasihi yetu iliyoleta matokeo upesi hivyo!

Mwezi mmoja hivi ile timu ilichezwa kuliko Barcelona. Kisha ikapotea.

Mjomba alisema ni umeme. Watu wote wakasema ni umeme, kwamba ulikatika wakati kadi inaandika. Si kweli. Niliifuta mimi. Nilikuwa nimeanza ligi yangu mwenyewe, kadi ikajaa, mashine ikaniuliza jambo kwa Kiingereza, nikachagua faili lililochukua nafasi kubwa nikalifuta ili langu likae. Nilipoona London FC wamerudi na watu wao nilizima kila kitu nikaenda nyumbani. Umeme ulikatika jioni ileile. Mtu angeweza kudhani nimepanga.

Ndicho nilichokuwa naenda kukitafuta Ruangwa miaka kumi na mitano baadaye. Nilikuwa nimejidanganya kwamba labda faili halikufutika lote, kwamba mashine ya asili inaweza kuwa imehifadhi kitu ambacho nakala ya mwenzangu wa chumbani haina. Maana kwenye kompyuta yake nilikwisha kuangalia: London FC walikuwa safi, kama walivyotoka kiwandani. Nikagundua jambo la kuchekesha. Ukiuliza ipi kati ya hizo mbili inatunza kazi ya Konami kwa uaminifu zaidi, ni kompyuta ya yule mwenzangu. Sanduku la mjomba, lenye chipu ya kubandika, CD ya kukopi na pedi ya kampuni isiyojulikana, ndilo lililokuwa mbali na asili. Wenzetu wa nchi zilizoendelea wanapotetea mashine ya asili wanatetea kitu kilichonunuliwa dukani kwenye boksi lake. Sisi hatukuwahi kuwa nacho. Asili yetu ilikuwa toleo tangu siku ya kwanza.

Mjomba alihamia Ruangwa zamani. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, na kwa miaka mingi sisi wa Nachingwea tuliitazama kama mdogo wetu. Sasa mdogo ana timu. Namungo FC ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani na kufungwa na Simba 2–1, kisha ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika ikakutana na Raja ya Casablanca na Pyramids ya Misri. Mjomba alinieleza haya kabla sijakaa kwenye kiti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umewaona Namungo?"

Kwetu Umwerani ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mpwa kuulizia mali ya mjomba wake si utovu wa adabu, ila inategemea mali gani. Alinitazama muda. Akasema sanduku lipo, juu ya kabati, na kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu wameliulizia mara mbili. Mara ya pili alikuwa karibu kukubali.

Tuliliwasha kwenye televisheni ya kichogo ya jirani. Lenzi iligoma, mjomba akaifuta kwa pamba na spiriti, akaligeuza sanduku ubavu, likasoma. Nilikuwa nimesahau ile sauti ya CD inapojitafuta. Nilikuwa nimesahau pia kwamba kitufe cha mraba cha pedi ya kushoto kilizama ndani, hivyo aliyepewa pedi hiyo alipaswa kupiga shuti kwa ukucha. Hakuna emuleta yenye kitufe kilichozama. Hapo watu wa sarafu walinipata kabisa.

Lakini kwenye kadi hapakuwa na timu. Palikuwa na ligi yangu ya mwaka 2008, jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa, na London FC wenye majina yao ya kiwandani. Mashine ya asili ilikuwa imetunza kwa uaminifu mkubwa ule ufutaji wangu.

Nikamwambia mjomba. Sikupanga kumwambia, ilitoka tu: kwamba haukuwa umeme. Alinyamaza. Jirani mwenye televisheni alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Kisha mjomba akanisukumia pedi nzima, ya kulia.

"Basi andika sasa hivi. Mimi nakutajia."

Alitaja tisa bila kusita. Wa kumi alikwama, akampigia simu kinyozi, ambaye bado ananyoa Nachingwea. Kinyozi akataja wawili waliosahauliwa, na akasisitiza kwamba namba 10 ilikuwa yake. Mjomba alikuwa na hakika kwamba namba 10 ilikuwa ya fundi baiskeli, ambaye naye alihamia Ruangwa na ana kibanda karibu na stendi. Akaitwa. Akaja na mikono ya grisi. Alikumbuka kasi yake hasa, 94, na jezi, lakini mlinda mlango aliyemtaja yeye si yule aliyemtaja kinyozi. Tulifika saa tano usiku. Kila jina lilikuja na kisa chake, na visa havikulingana.

Kwa wanaosoma fasihi simulizi hapo hapahitaji maelezo mengi. Matini haikuwa kwenye CD wala kwenye kadi, na kadi ilikuwa daftari tu la kitu kilichokuwa vichwani mwa watu kama kumi na tano. Lakini sitaki kuwapa raha watu wa chai, maana bila sanduku lile mezani hakuna mtu ambaye angepigiwa simu. Mwenzangu wa bwenini angeweza kunitumia gemu kwa sekunde chache. Hangeweza kumleta fundi baiskeli.

Tena kuna jambo la soko ambalo halipaswi kupitwa. Katika zile gemu 20 za Sony za mwaka 2018 hakuna hata moja ya mpira wa miguu. Majina ya wachezaji na nembo za timu hukodiwa kwa mikataba, na mkataba ukiisha gemu haiuziki. Mwaka 2023, mkataba wa Electronic Arts na FIFA ulipokwisha baada ya miaka thelathini, gemu za FIFA kuanzia ya 14 mpaka ya 23 ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Mwaka huohuo taasisi ya historia ya gemu ya Marekani, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo hazipatikani tena madukani. Matoleo mapya yanachagua, na yanachagua yale ambayo mwenye mali anaweza kuyauza mara ya pili. Sisi tulicheza mpira. Kwa hiyo tusitegemee kwamba kuna mtu Tokyo anayetutunzia utoto wetu. PlayStation 2 zenyewe, zilizouzwa zaidi ya milioni 150, hazitengenezwi tangu mwanzoni mwa mwaka 2013, na lenzi ya mjomba haina miaka mingi.

Kesho yake fundi mmoja wa simu alinisaidia kuihamisha kadi kwenye flashi. Sanduku nililiacha. Nilikwenda na nia ya kulichukua, nikaona halina kazi Dar es Salaam. Mjomba naye alikwisha kulifuta vumbi na kuliweka mahali pa wazi.

Kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumbani sasa kuna timu inaitwa NACHINGWEA. Kabla sijaondoka tuliamua, kwa kupiga kura ya simu, kwamba namba 10 ni kinyozi, shuti 99. Mwenzangu anaipenda, ingawa anauliza kwa nini mlinda mlango wangu ana majina mawili yaliyounganishwa.

Wiki mbili baadaye mjomba alinipigia. Fundi baiskeli alikuwa amepita Jumapili, akaomba pedi dakika tano tu. "Kabadilisha," mjomba akasema. "Sasa huku kumi ni yeye. Na kinyozi kampa kasi ya 30."

Kinyozi bado hajaambiwa.